Wiki Tatu za Sifuri

Jumatatu hiyo Mwalimu Mvua aliwasha kompyuta ya mbele ya darasa, akaikodolea macho orodha iliyokuwa upande wa kushoto wa kioo, akaona kile kile alichokiona Jumatatu mbili zilizopita. Makundi sita ya darasa lake yalikuwa na namba nene pembeni, mbili, tatu, moja, maana yake kuna habari mpya hazijasomwa. Makundi sita ya shule ya mdogo wake yalikuwa na sifuri. Sifuri sita, zimepangana wima kama mayai kwenye trei.

"Mwalimu," akasema msichana wa safu ya mbele, kiongozi wa Kundi la Nne, "sisi tunamwandikia nani?"

Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa mtoto mpole, mrefu kuliko wenzake, mwenye tabia ya kuinama kidogo akiongea kama anayeomba radhi kwa urefu wake. Ndiyo maana swali lilimchoma mwalimu zaidi. Swali la mjeuri unalijibu kwa ukali likaisha. La mpole linabaki nawe.

Alimjibu kwamba wenzao wana mambo yao, watakuja. Lakini hata masikioni mwake jibu lilisikika kama debe tupu.

Mvua halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata kwa wanafunzi, kwa sababu katika miaka kumi na moja ya kufundisha jiografia hakuwahi kuacha mwaka upite bila kuwatoa watu darasani kwenda kupima mvua. Mwaka huu alikuwa amepania zaidi. Wakati wa likizo yeye na mdogo wake, ambaye naye anafundisha jiografia katika shule iliyo upande wa pili wa kilima, walikaa kwa mama yao siku mbili nzima wakapanga jambo. Kila darasa ligawanywe makundi sita. Kundi moja lipime mvua, jingine upepo, jingine joto, na kuendelea. Kila kundi liwe na ukurasa wake mtandaoni na kuandika humo kila siku walichokiona. Na kila kundi liwe na pacha wake ng'ambo ya kilima, wasomane, waulizane, wakosoane, kisha mwisho wa muhula watoe ripoti moja ya pamoja isomwe mbele ya wazazi.

Kilichowaunganisha ni mlisho. Siku ya kwanza alilieleza darasa kwa maneno mepesi. Kama una marafiki kumi na wawili, alisema, huwezi kila asubuhi kuzunguka kugonga milango kumi na miwili ukiuliza, jamani, kuna jipya? Utachoka, na kazi hutafanya. Lakini ukijiunga na mlisho wa ukurasa, umeacha anwani yako mlangoni mara moja tu. Siku mwenye nyumba akiwa na neno jipya, neno linakuja lenyewe mpaka mezani kwako. Swali lako kwa pacha wako liandike kwenye ukurasa wako mwenyewe, ulitaje kundi lake, mlisho utalifikisha. Watoto walielewa haraka kuliko walimu wenzake, na wiki ya kwanza mambo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Maswali yalikuja, majibu yakaenda. Kisha, ghafla, sifuri.

Naye alijua, au alidhani anajua, sifuri zile zimetoka wapi. Mdogo wake nyumbani aliitwa Baadaye. Vyombo ataosha baadaye. Barua atajibu baadaye. Harusi yake mwenyewe alichelewa saa mbili, bwana harusi akabaki anafuta jasho mbele za watu. Mwalimu Mvua alikuwa dada mkubwa, na utoto wake wote aliumaliza akikamilisha kazi ambazo mwingine alizianza. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya sifuri alipopiga simu na kuambiwa kwa sauti ya haraka, "Dada, nipo darasani, nitakupigia baadaye," alikata simu huku akitikisa kichwa. Siku mbili zilipita, simu haikupigwa. Wiki ya pili uvumilivu ulimwishia, akatuma ujumbe: kama umeshindwa sema umeshindwa, watoto wangu si wa kuchezewa. Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Basi akakaa na hasira yake, na kila kitu shuleni kikaizidisha. Ufunguo wa chumba cha kompyuta alikuwa nao mtunza stoo, mtu aliyeamini kwamba mashine hudumu zisipoguswa. Kila kipindi ilibidi kumtafuta jikoni, bustanini, kwa kinyozi nje ya geti, na akipatikana aanze kuuchambua ufunguo mmoja mmoja kwenye rundo la funguo arobaini ambazo nusu yake makufuli yalishakufa. Kati ya kompyuta kumi na tatu saba ndizo zilizokuwa nzima. Mtandao ulikuja na kuondoka kama mgonjwa anayejaribu kutembea.

Halafu Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, na kwake jambo lolote la kuwasiliana lilikuwa na dawa moja: kundi la simu. Shule ilikuwa nalo. Idara ilikuwa nalo. Hata walimu wa jiografia wa shule hizi mbili na nyingine tatu za jirani walikuwa na lao, na Mwalimu Mvua alikuwa amelizima mlio tangu wiki ya kwanza, kwa sababu humo kila siku zilipita jumbe mia za rambirambi, salamu za asubuhi zenye picha za maua, na tangazo la mtu aliyepoteza kiatu kimoja.

Siku ya Alhamisi Mkuu alimwita ofisini. Alikuwa anapanga ratiba ya siku ya wazazi, na karatasi zilikuwa zimetanda mezani kama nguo za kuanikwa. Alitaka kujua ile ripoti ya pamoja imefika wapi. Mwalimu Mvua akaeleza kwamba upande wao wanaendelea vizuri, upande wa pili wamelala. Mkuu akajikuna kidevu.

"Mwalimu, mimi nilikwambia tangu mwanzo, ungewaweka kwenye kundi la simu yangekwisha. Ratiba inakwenda kuchapishwa Jumatano. Kama hakuna cha pamoja, nafasi yenu nitaipa kwaya."

Alitoka ofisini akimeza mate machungu. Kwaya. Alipita ukutani ambapo Kundi la Nne walikuwa wamebandika mchoro wao wa mvua, mstari wa buluu ukishuka wiki baada ya wiki kama ngazi. Ulikuwa mchoro safi. Kiongozi wa kundi alikuwa ameuchora mara tatu mpaka mkono ukatulia, na chini yake akaandika kwa herufi nzuri: Mvua inapungua kwa kasi, ukame unakuja. Mwalimu aliusifu mbele ya darasa zima. Alijiambia, angalau hiki tunacho. Wengine wakilala, sisi tumefanya kazi.

Jumamosi alikwenda kwa mama yake. Alimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchele kwenye ungo, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Hakungoja hata salamu zikauke mdomoni. Alianza kumwaga yote: sifuri, simu isiyorudi, ujumbe usiojibiwa, kwaya. Alisema amechoka kubeba mzigo wa mtu mzima mwenye watoto wawili. Alisema, na hili alilijutia kabla halijamalizika kutoka, kwamba Baadaye hajawahi kumaliza jambo lolote maishani mwake.

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Mwenzako alikuwa hapa juzi. Alilia."

Mwalimu Mvua akageuka kumtazama.

"Anasema watoto wake wamewauliza wako maswali mpaka wamechoka. Hakuna hata moja uliloruhusu lijibiwe. Anasema juu ya hayo umemtukana." Mama akautikisa ungo, pumba zikaruka. "Hayo ya mitambo mimi siyajui. Ninachojua, watu wawili hawawezi wote kuwa wanasema na wote kuwa kimya. Kuna mahali maneno yanaanguka. Nenda kaokote."

Alitaka kubisha. Alianza kueleza kwamba mlisho hauna mambo ya kuanguka, ndiyo sababu ya kuutumia, habari ikiwepo inakuja yenyewe. Lakini alipokuwa anasema akajisikia kama mtu anayemtetea mshitakiwa ambaye hajamhoji. Tangu sifuri zianze, hajawahi hata mara moja kwenda kugonga mlango. Wiki tatu aliiamini orodha ya kushoto mwa kioo kuliko mtu aliyezaliwa naye.

Akatoa simu, akaandika kwa mkono anwani ya ukurasa wa Kundi la Nne wa ng'ambo. Ukurasa ulifunguka polepole, ukamwambia kwa mstari mmoja kwamba shule imehamia makazi mapya mtandaoni, bonyeza hapa. Akabonyeza.

Walikuwepo wote. Siku kwa siku, bila kuruka hata moja, pamoja na picha ya watoto wenye makoti wamezunguka kipimamvua wakicheka. Alihesabu makundi yote sita: maandiko tisini tangu wahame, na maswali kumi na tisa yaliyotajwa kwa jina la kundi la darasa lake. Mlisho wa zamani ulikuwa haujavunjika kwa kelele, haukusema kosa, haukuwasha taa nyekundu. Ulibaki umesimama kwenye nyumba iliyohamwa, ukiripoti kila asubuhi kwa uaminifu kwamba hapa hakuna jipya.

Alifungua lile kundi la walimu alilolizima mlio. Ilimchukua muda kupanda juu, akipita maua, misiba na kiatu, mpaka akafika wiki ile ya kwanza. Ujumbe ulikuwepo. Mdogo wake aliandika: Dada na wengine, tunahamisha kurasa zetu Ijumaa, milisho mipya ni hii hapa, tafadhali jiungeni upya. Aliutuma siku mbili kabla ya kuhama. Kwa mara moja katika maisha yake, Baadaye aliwahi.

Mwalimu Mvua aliketi chini kwenye baraza, akaiweka simu mapajani. Hasira aliyoibeba wiki tatu haikuondoka. Iligeuka tu, ikamtazama yeye. Mama alimsogezea kikombe cha maji bila kuuliza.

Alipopiga simu, mdogo wake alipokea mara ya pili. Mwalimu Mvua alianza moja kwa moja, kwa sababu alijua akizunguka atapotea. Alieleza ilivyokuwa. Alisema kosa ni lake, kwamba tangazo lilikuwa pale na yeye aliziba masikio, na kwamba ule ujumbe hakupaswa kuutuma. Upande wa pili redio ilisikika kwa mbali, na mtoto akiomba kitu.

"Dada," mdogo wake akasema hatimaye, "unajua kilichoniuma si ujumbe. Yenu sisi tulikuwa tunayapata. Kila asubuhi nafungua, naona makundi yako yameandika. Kwa hiyo nikajua mpo, mnasoma, mnatuona, na mmeamua kutotujibu. Watoto wakaniuliza tumewakosea nini. Nikasema labda sisi ni wadogo kwao."

"Ungenipigia."

"Nikupigie uniambie nini? Ujumbe wako ulishaniambia."

Aliomba radhi tena, mdogo wake akasema imepita, kwa sauti ya mtu ambaye bado haijapita. Halafu, kabla ya kuagana, akaongeza neno. Akamwambia atazame maswali ya Kundi la Nne kwanza kabla ya mengine yote. Watoto wake waliona kitu.

Aliyatazama palepale. Swali la kwanza lilikuwa la wiki tatu nyuma: Kundi la Nne, mvua ya Jumanne ilitukuta sote, nyie wenyewe mmeandika mlilowa mkitoka michezoni. Mbona mmepata milimita nne na sisi thelathini na moja? La pili lilifuata baada ya siku tatu, lenye namba nyingine mbili za kulinganisha. La tatu lilikuwa fupi: Samahani, mmekagua kama kipimo chenu kinavuja?

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, Mwalimu Mvua na kiongozi wa Kundi la Nne walikwenda nyuma ya maktaba kulipokuwa na kipimamvua. Kilikuwa chupa kubwa ya plastiki iliyozikwa nusu ardhini isitikiswe na upepo, na juu yake faneli pana ya kupokea maji. Msichana aliing'oa kwa mikono miwili, akaifuta udongo. Walijaza maji mpaka alama ya juu, wakaiweka juu ya ukingo wa saruji, wakasubiri. Hawakusubiri sana. Karibu na kitako palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, bila shaka jembe la bustani lilipita hapo, na maji yakaanza kutoka kwa utulivu, yakichora doa jeusi kwenye saruji.

Msichana aliinama akalitazama doa likikua. Alisema tu, "Kwa hiyo mvua haikupungua."

"Haikupungua."

"Tangu lini?"

Mwalimu hakujua. Pengine tangu wiki ya pili. Wenzao walikuwa wameliona bila hata kukigusa kipimo, kwa kulinganisha tu, na hiyo ndiyo ilikuwa maana nzima ya kuwa na pacha: watu wa ng'ambo waone kosa ambalo wewe, ukiwa umelisimamia, huwezi kuliona. Wangejibu swali la kwanza, wangepoteza siku chache. Sasa walikuwa wamepoteza wiki tatu, na mchoro mzuri ukutani ulikuwa mchoro wa chupa iliyopasuka.

Kipindi kilipoanza aliwaeleza wanafunzi ukweli wote, asijipendelee. Alisema wenzao hawakuwahi kulala. Alisema aliyelala ni yeye, na mbaya zaidi alilala huku akiwalaumu walio macho. Mvulana mmoja wa Kundi la Upepo aliuliza kama maana yake kazi yote ni bure, akamjibu kwamba ya mvua ndiyo iliyoharibika, nyingine zipo. Halikuwa jibu la kufurahisha, hasa kwa Kundi la Nne.

Kiongozi wao alisimama bila kuambiwa, akaenda ukutani, akabandua mchoro wake. Hakuuchana. Alitoa pini nne moja baada ya nyingine, akazihifadhi kwenye kopo, akaukunja mchoro mara mbili na kuutia kwenye daftari. Mwalimu Mvua alisogea karibu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anaomba radhi, kwamba alimsifu kwa kitu ambacho yeye kama mwalimu alipaswa kukihakiki.

"Ningejibu siku ile ile, Mwalimu," msichana akasema. Macho yake yalikuwa yameloa lakini sauti haikutetemeka. "Ningeliona swali lao, ningejibu siku ile ile."

"Najua."

Walibakiwa na siku mbili kabla ya ratiba kwenda kuchapishwa. Wakajiunga upya na milisho yote sita, na mara hii mwalimu aliagiza mwanafunzi mmoja kwa kila kundi afungue ukurasa wenyewe kwa mkono kila Jumatatu, hata orodha iseme nini. Wakaanza kujibu maswali kumi na tisa. Jumatatu walijibu saba. Jumanne mtunza stoo alikuwa amekwenda kuzika shangazi yake na rundo lote la funguo mfukoni, chumba kikabaki kimefungwa kutwa, na Mwalimu Mvua akasimama mbele ya kufuli akiwa amezungukwa na watoto thelathini na wanane, akajizuia kulipiga teke. Jumatano saa nne alikwenda kwa Mkuu kuomba siku tano zaidi. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Aliguswa kweli, ilionekana usoni. Lakini ratiba ilikuwa imeondoka saa mbili asubuhi, na kwaya walikuwa wamekwisha anza mazoezi.

Ripoti ilimalizika siku kumi baada ya siku ya wazazi. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, na tatu kati ya hizo zilieleza ufa wa chupa, jinsi ulivyogunduliwa, na kwa nini takwimu za mvua za wiki tatu za upande mmoja zimefutwa. Kurasa hizo tatu waliziandika Kundi la Nne wa pande zote mbili, wakirushiana aya kupitia milisho, na waligombana vikali juu ya sentensi moja mpaka mdogo wake akapiga simu kuuliza kama aingilie. Mwalimu Mvua alisema waachwe. Wakaongea kidogo juu ya mambo mengine, mama na dawa zake za mgongo, kisha wakaagana. Simu zao zilikuwa bado fupi. Zamani wangeongea mpaka chaji iishe.

Mkuu aliipokea ripoti, akaipima uzito mkononi, akasema vizuri sana, akaiweka juu ya kabati. Siku ya kufunga shule ilikuwa bado iko pale, na juu yake kuna sanduku la chaki.

Siku hiyo ya kufunga, wanafunzi walipokuwa wanabeba madawati kuyaingiza ndani, kiongozi wa Kundi la Nne alimfuata mwalimu varandani. Aliuliza kama muhula ujao wataendelea. Mwalimu Mvua akamweleza kwamba chumba cha kompyuta kimepangwa kuhifadhia karatasi za mitihani kwa wiki sita za mwanzo, kwamba amepinga, na hajui kama amesikilizwa. Alisema haya kwa uchovu ambao hakuuficha.

Msichana alifikiri kidogo. Akasema Kundi la Nne la ng'ambo wamekubali kuendelea kupima wakati wa likizo, na yeye anaweza kuandika kwa simu ya mama yake jioni, akishamaliza kazi za nyumbani. Wameshafungua ukurasa. Alitoa kipande cha karatasi chenye anwani ya mlisho, imeandikwa kwa zile herufi zake nzuri.

Mwalimu Mvua aliisoma anwani mara mbili, akaiingiza kwenye simu yake pale pale wakiwa wamesimama, kisha akaufungua na ukurasa wenyewe kuhakikisha. Ulikuwa na andiko moja tu, la asubuhi hiyo: chupa mpya, haina ufa, tumeijaribu kwa saa nzima. Milimita kumi na mbili.